Nilivyolishuku darasa la maigizo la binti yangu, mpaka siku wageni wa posa walipokaa sebuleni kwangu

Wakuu, salaam zenu popote mlipo. Wakubwa shikamooni, wadogo nawapa marahaba yenu mapema.

Ninachoandika hapa kimetokea ndani ya nyumba yangu, Singida mjini. Majina nimebadilisha maana binti zangu nao wana simu na wanaingia humu. Mengine yote ni kama yalivyokuwa. Atakayesema ni chai, kwamba nimetunga, aje dukani nimpe kiti nimsimulie upya mbele ya mke wangu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku.

Sijifichi. Mteja akinisifia sana bidhaa, nageuka kuangalia kama kuna mwenzake anaingia kwa nyuma. Mtu akinipa lifti bila kumwomba, njia nzima nawaza anataka nini. Mke wangu, mama Rehema, anasema hata daktari akiniambia nimepona nitamuuliza kwa nini ana haraka ya kunitoa.

Nauza mafuta ya alizeti na mashudu ya kulishia mifugo. Marehemu baba alikuja huku kutoka Tanga kufanya biashara, mama ni Mnyaturu wa Issuna. Nina mabinti wawili. Rehema ndiye mkubwa, fundi cherehani. Wa pili ni Saumu, amemaliza form four na yupo nyumbani.

Huyu Saumu alikuwa na shida moja, haongei.

Si bubu. Kwa dada yake anaongea vizuri tu. Ila mbele ya watu sauti inakatika. Akipanda bodaboda anapitilizwa nyumbani, maana hawezi kupaza sauti aseme "shusha hapa." Anashushwa mbele huko kwenye kona, anarudi kwa miguu. Ukimtuma chumvi akapewa sukari, anarudi na sukari. Wageni wakiingia mlango wa mbele, yeye anatoka wa nyuma.

Siku moja akaniambia anataka kujiunga na darasa la maigizo.

Nikamuuliza, la nini? Akasema linafundishwa na Madam Tekla, mwanamama mmoja wa kutoka Iramba, kwenye godauni la zamani walilokuwa wanahifadhia alizeti. Vijana wanakutana kila wiki. Na ni bure.

Hapo kwenye bure ndipo tulipoanza kugombana.

Wakuu, bure kwa nini? Mtu mzima na akili zake akusanye watoto wa watu, awafundishe kucheka na kulia, halafu asitake chochote? Nikawaza mambo matatu: ama ni dini mpya, ama ni siasa, ama kuna mtu anakusanya mabinti awapeleke asikojua mzazi. Mama Rehema akasema niache maneno, mtoto ameomba kitu kwa mdomo wake kwa mara ya kwanza. Nikakubali, ila moyoni nikasema nitawafuatilia.

Na kweli nikawafuatilia.

Nilikwenda pale godauni mchana mmoja, nikajifanya naulizia mashudu kwa mlinzi. Bati la ubavuni lina upenyo. Nikachungulia.

Vijana wamevua viatu. Wamelala chali kwenye mikeka, macho wamefumba, wanapumua kwa pamoja. Nikasema, ni dini hii, tena mbaya.

Kisha wakaamka, mmoja mmoja akawa anavuka katikati wenzake wanaangalia. Zamu ya Saumu ikafika. Akaweka mikono nyuma, akatanguliza tumbo, akatembea polepole huku anageuza shingo kama mtu anayehesabu nani anamwangalia. Akafika mbele ya mlango wa kufikirika, akakohoa mara mbili kabla ya kuingia.

Godauni zima likaangua kicheko.

Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa ananiigiza mimi. Mimi baba yake mzazi, na kile kikohozi changu cha kuwaambia watu wa nyumbani kwamba nimefika.

Nilirudi nimefura. Jioni nikamwita, nikamuuliza kwa nini ananiigiza mbele za watu. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Baba, tuliambiwa tuchague mtu tunayemheshimu, tumwangalie vizuri kwa wiki moja. Nikakuchagua wewe."

Sasa hapo unamchapa mtoto au unamshukuru? Mama Rehema akachomekea kwamba siku hiyo hiyo Saumu amemwambia bodaboda asimame na bodaboda amesimama. Nikamwacha aendelee, japo kikohozi nilikipunguza.

Kilichoniudhi zaidi ni macho. Tangu aanze lile darasa, mtoto alikuwa anaangalia watu. Mgeni akiongea, yeye anamtazama mikono, miguu, namna anavyokaa. Nikamwambia mama yake kwamba huyo mama wa Iramba anatufundishia mpelelezi.

Ngoja kidogo wakuu, kuna mteja.

Nimerudi. Tuendelee.

Upande wa Rehema mambo yalikuwa mazuri. Alikuwa amepata mchumba, tumwite Shabani. Kijana wa Ulemo, kule Iramba, biashara yake vitunguu, ana gari lake, Noah. Hajawahi kuoa, ndivyo alivyosema. Huyu akija dukani anavua viatu nje, shikamoo anaitoa akiwa bado mbali, tena anainama. Mafuta ananunua bila kuomba nipunguze.

Nilimpenda. Nasema ukweli, nilimpenda kuliko Rehema alivyompenda. Mimi ninayemshuku mpaka daktari, huyu sikumshuku hata dakika moja. Shaka zangu zote zilikuwa kule godauni.

Tukakubaliana alete wazee wake wajitambulishe, siku ya Ijumaa baada ya swala.

Kama mjuavyo, baba wa binti haongei siku hiyo. Nilimwita kaka yangu mkubwa, mzee Athumani, awe msemaji. Mama Rehema akachinja jogoo, mmoja ila mkubwa, akapika pilau. Rehema akajifungia chumbani na nguo mpya aliyojishonea. Saumu ndiye wa kuhudumia.

Wakaja wazee wawili. Mmoja mrefu, amevaa koti la kijivu. Wa pili mfupi, ana kofia ya kufuma. Wote ndevu zimepakwa hina. Shabani mwenyewe hakuingia, alikaa kwenye gari huko barabarani kama adabu inavyotaka.

Mwenye koti akaanza. Akasalimia vizuri, akashukuru, akaomba radhi kwa niaba ya kila mtu. Akasema baba yake Shabani alishatangulia mbele ya haki, na wao ndio baba zake wadogo.

"Mimi na huyu," akasema, "tumbo moja, ziwa moja. Mzee Hamisi mimi, Mzee Issa yeye. Tumekuja kuomba jiko."

Kaka Athumani akaridhika. Mimi nilikuwa nimesharidhika tangu Jumatatu.

Saumu akaingia na beseni na birika la maji ya kunawa. Mnajua utaratibu, unaanza na mkubwa. Akapiga magoti katikati yao, akauliza, "Shikamooni. Naanza na nani, baba zangu?"

Mwenye koti akanyoosha mikono. Mwenye kofia naye akanyoosha. Wote wakairudisha. Halafu kwa pamoja, kila mmoja akimwonyesha mwenzake, wakasema, "Anza na kaka."

Kaka Athumani akacheka sana. Akasema, mmeona adabu ya watu wa Iramba, kila mmoja anamheshimu mwenzake. Na mimi nikacheka.

Saumu hakucheka. Alimnawisha mwenye koti, akamnawisha mwenye kofia, akatoka.

Mama Rehema ndiye aliyenihadithia kilichotokea jikoni. Anasema mtoto aliweka beseni chini, akauliza kitu kimoja tu, "Mama, firigisi iko wapi?" Ilikuwa kwenye bakuli, chini ya mchuzi. Akaichukua, akaiweka peke yake kwenye kisahani.

Sisi sebuleni tumeshaanza kumega pilau. Saumu akaingia na kile kisahani, akapiga magoti tena.

"Samahani baba zangu," akasema. "Hapa kwetu firigisi haigawanywi, anapewa mkubwa. Nimpe nani?"

Sasa wakuu, wale wazee walishajua kwenye kunawa waliharibu. Kila mmoja akataka kurekebisha.

"Mimi," akasema mwenye koti.

"Mimi," akasema mwenye kofia.

Wakatazamana.

Mtoto wangu ninayemjua mimi angekimbia hapo. Yule aliyekuwa anatokea mlango wa nyuma. Hakukimbia. Alibaki amepiga magoti katikati ya wanaume watu wazima, anasubiri jibu. Kisahani kilikuwa kinatetemeka, nilikiona. Uso haukutetemeka.

Mimi nilifungua mdomo nimfukuze. Aibu ilinipanda, binti anahoji wageni! Kaka Athumani akaninyooshea kiganja, nikafunga.

"Ndugu zangu," kaka akasema taratibu, "tumbo moja, na hamjui aliyetangulia?"

"Tumepishana kidogo tu," akasema mwenye koti.

"Kidogo kiasi gani?"

Mwenye kofia akadakia, "Mapacha!"

Naapa, aliyeshangaa kuliko wote pale sebuleni ni mwenye koti. Alimgeukia mwenzake mdomo wazi. Kaka Athumani akaweka tonge chini.

"Basi nani Kulwa, nani Doto?"

Mwenye koti akaanza kukagua vidole vyake. Mwenye kofia akavua kofia, akaishika mapajani.

"Mzee, tusitiri," akasema. "Sisi tumeombwa tu. Mimi nauza kahawa stendi. Huyu ni fundi baiskeli, tumejuana leo asubuhi. Majina tumepewa kwenye gari."

Kaka akauliza, na ndugu wa kweli wa Shabani wako wapi? Yule mzee akasema, kwa alivyosikia, Shabani ana mke huko kijijini na watoto. Mama yake mzazi amemwambia kama anataka mke wa pili aende akaseme ukweli kwa wenyewe, la sivyo yeye hatii mguu kwenye nyumba ya watu. Ndugu wote wamesimama na mama.

Naomba nieleweke hapa. Dini yetu inaruhusu mke wa pili. Angekuja na mama yake akasema nina mke, tungeongea, Rehema angeamua. Yeye alikuja na muuza kahawa.

Kaka Athumani akawaambia wale wazee wamalize kula, chakula hakina kosa. Wakala kwa adabu, bila kuinua macho. Nilipotoka nje, Noah haikuwepo.

Mnataka kujua Saumu alijuaje. Hata mimi nilimuuliza, tena kwa ukali.

Akasema, "Baba, Madam akitupa igizo la familia, kabla hatujatamka neno anatuuliza maswali. Nani mkubwa? Nani anamwogopa nani? Nani alimbeba mwenzake mgongoni? Msipokubaliana mapema, mkianza tu mnagongana. Wale waligongana kwenye kunawa. Nikasema labda ni heshima, ndiyo maana nikaleta firigisi."

Mngedhani hapo nilipona. Wapi!

Kesho yake nilikwenda godauni, safari hii kupitia mlangoni. Nikamuuliza Madam Tekla kama kazi yake ni kufundisha mabinti kuumbua wazee. Alinisikiliza mwanzo hadi mwisho, amekunja mikono.

Kisha akauliza, "Mwishowe firigisi alikula nani?"

"Kaka yangu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Niliondoka nikikishuku kile kicheko.

Lakini wakuu, kisa chenyewe hakikuishia hapo. Wazee wa uongo kuondoka ni jambo dogo. Shida ilikuwa Rehema.

Rehema hakumshukuru mdogo wake. Alimwambia, "Umeniaibisha, umeniharibia." Akaacha kuongea naye, na wanalala chumba kimoja. Na yule Shabani hakuacha kupiga simu. Kila simu ikiita, Rehema anatoka nayo nje. Mama yake akafanikiwa kumdadisi. Kumbe jamaa anamwambia wale wazee aliwakodi kwa sababu ya mapenzi, mke wa kijijini walishaachana, basi Rehema achukue begi waonane stendi waende Babati wakafunge ndoa huko, sisi tutapoa baadaye.

Na Rehema alikuwa anaelekea kukubali.

Niliogopa, nisiwafiche. Unaweza kumfungia mtoto wa miaka kumi na mbili. Huyu ni mtu mzima, ana cherehani yake na wateja wake. Nikimkemea, nampa sababu ya kuondoka. Nikinyamaza, naamka asubuhi nakuta kitanda kitupu. Nilikuwa naacha duka mchana narudi nyumbani eti nimesahau kitu, kumbe nakwenda kuangalia kama begi lake lipo juu ya kabati.

Siku moja alasiri nimerudi hivyo hivyo. Sikukohoa.

Nikasikia Saumu anaongea jikoni, lakini kwa mwendo wa maneno ya Shabani. Ule wa kuvuta, wa kubembeleza. "Rehe, kwani unaolewa na mimi au na wazee? Mimi si ndiye huyu huyu?" Nilichungulia dirishani. Rehema amekaa kwenye kigoda, ameshika mwiko kama simu. Saumu amesimama mbele yake.

Sijui walipatana lini. Mama Rehema anasema Rehema mwenyewe ndiye aliyemwomba. Kwamba kila akimsikia yule mwanaume maneno yake yanayeyuka, sasa anataka kuyazoea kabla hajapokea simu nyingine.

Mara ya kwanza Rehema alicheka tu. Mara ya pili alilia. Ya tatu ndiyo iliyonikata maini, maana Saumu alibembeleza kidogo tu na Rehema akasema, "Sawa, nitakuja."

Saumu akarudi kwenye sauti yake. "Umekubali, dada. Futa machozi, tuanze tena. Safari hii simama."

Rehema akasimama. Saumu akambembeleza, akamlaumu, akamtisha, akamlilia. Mimi dirishani natokwa jasho kana kwamba naulizwa mimi. Rehema alikuwa ametazama chini. Kisha akainua uso.

"Usinipigie tena," akasema. "Ungenitaka, ungekuja na mama yako."

Saumu akachukua mwiko mkononi mwa dada yake, akamwekea simu yenyewe.

Nilitamani kuingia. Nilitamani niinyang'anye ile simu nimtukane mwenyewe yule kijana. Miguu ilikataa, nashukuru ilikataa.

Rehema akapiga. Nilisikia upande wake tu. Alisalimia. Akasikiliza muda mrefu, naona bega linapanda na kushuka. Akaanza, "Shabani, mimi..." akakwama. Saumu akamwonyesha kwa kidole, nyoosha mgongo. Akanyoosha.

"Usinipigie tena. Ungenitaka, ungekuja na mama yako."

Akakata. Akakaa chini palepale sakafuni, mdogo wake akakaa ubavuni kwake. Mimi nikarudi dukani kwa njia ya nyuma, nikauza mafuta mpaka jioni huku sijui nampa nani chenji gani.

Hapa niweke somo, maana najua mtaniuliza.

Nilidhani maigizo yanafundisha watoto kudanganya. Nadhani wengi wetu huku tunadhani hivyo, na wengine tunasema ni kupoteza muda, mtoto ajifunze kitu cha kumpa hela. Nilichoona kwangu ni kwamba yule aliyefundishwa kuigiza ndiye pekee aliyemjua muigizaji. Sisi wengine tulioamini heshima, hina na shikamoo tulikuwa watazamaji tu. Na confidence ambayo nilikuwa naisikia kwenye redio, niliiona kwa macho: mtoto anayetetemeka na bado habanduki.

Mzazi mwenye kijana wa kujikunyata, fuatilia darasa kama hilo ulipo. Chungulia kwanza, siwezi kukwambia usichungulie. Ila mwache aende.

Bado nashuku, msidhani nimebadili dini. Siku chache baada ya ile simu nilimkuta Rehema anashona, uso mkavu, nikaingiwa na wasiwasi. Huyu sasa amefundishwa na mdogo wake. Nitajuaje kama yale maneno yalikuwa yake, au aliyakariri ili tupoe, halafu kesho begi lishuke kabatini?

Nikavuta kiti, nikamuuliza waziwazi. "Mwanangu, siku ile kwenye simu, ulikuwa unaigiza?"

Alisimamisha cherehani. Akafikiri, kisha akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu ile Ijumaa.

"Mwanzo ndiyo, baba," akasema.

Akaendelea kushona.

Haya wakuu, mimi nimemaliza. Mwenye kijana aliyepitia maigizo aseme yalimsaidia au yalimharibu, na aliyewahi kuletewa wazee wa kukodi asione haya, hapa tuko wengi. Nipo dukani, nitawajibu nikipata nafasi. Na wewe utakayeanza kwa kunisifia, ujue nitakuuliza unataka nini.